Mwiba ndani ya ini

Mjomba wangu alikuwa na bucha Bombo, mji mdogo wa Uganda, hatua chache kutoka stendi ya teksi. Kila Jumamosi nilitumwa kwake kuchukua nyama, na siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, nilimkuta ameinamia ini zima la ng'ombe juu ya gogo. Akapitisha kisu. Ini kwa kawaida halibishani na kisu. Hili lilitoa sauti, krrr, kama kisu kimepita kwenye mchanga. Mjomba akatulia kidogo, halafu akalipasua polepole huku mimi nikichungulia chini ya mkono wake. Ndani ya nyama nyekundu ilikuwa imetambaa mirija mieupe, minene, migumu. Akaubonyeza mmoja kwa ncha ya kisu, na mnyoo bapa kama jani akateleza nje.

"Umeona, binti? Ng'ombe huyu nimemchagua mwenyewe, mnene, ngozi inang'aa. Kumbe ndani yuko hivi."

Ini likaenda kwenye ndoo ya kutupa, na mjomba akahesabu hasara yake kimya kimya. Mimi nikaondoka na ile sauti. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuta zile ngumu zilijengwa na mnyoo, kama mchwa anavyojenga kichuguu. Nilikuwa nimeshamaliza shahada ya kwanza Makerere nilipoelewa kwamba mnyoo hakuweka hata unyuzi mmoja. Ugumu wote ule uliwekwa na mwili wa ng'ombe mwenyewe, ukijaribu kujikinga.

Ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo. Natafiti makrofaji za ini, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki: namna zinavyowasha uvimbe, zinavyouzima, na kwa nini wakati mwingine haziuzimi.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, na kila dakika linapitiwa na damu ipatayo lita 1.5. Robo tatu ya damu hiyo inatoka matumboni, imebeba chakula, na pamoja nacho mabaki ya bakteria na chochote kingine kilichopenya ukuta wa utumbo. Ndani ya vijia vyembamba vya ini, zikiwa zimejishikiza ukutani huku damu ikipita juu yake, zimekaa makrofaji tunazoziita seli za Kupffer. Zinanasa, zinameza, zinameng'enya. Nyingi kati yake hazikuletwa na damu ya utu uzima. Zilihamia kwenye ini mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, na tangu hapo huzaana papo hapo. Hawa ndio wenyeji. Ini likiumia wanaingia wageni, monositi, chembe nyeupe za damu kutoka kwenye uboho, na wakishafika nao hugeuka makrofaji. Sehemu kubwa ya utafiti wangu ni habari za wenyeji na wageni hao: nani alifika lini, na alikuta hali gani.

Jina Kupffer lenyewe lina kisa ninachowasimulia wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1876 Karl von Kupffer alipaka kloridi ya dhahabu kwenye vipande vya ini akaona seli zenye umbo la nyota. Baadaye akaona seli zinazomeza chembe chembe, akaamini ni zile zile. Hazikuwa zile zile. Mpaka mwaka 1971 ndipo Kenjiro Wake, Mjapani, alipoonyesha kwamba zile zilizoshika dhahabu ni seli nyingine kabisa, zinazohifadhi vitamini A. Tunaziita seli nyota, na ndizo zinazofuma nyuzi za kovu zikishaamshwa. Anayeziamsha, mara nyingi, ni makrofaji. Kwa karibu karne nzima mwita fundi na fundi mwenyewe walikuwa wakibeba jina moja. Kila nikilikumbuka hilo huwa narudi kuangalia slaidi zangu upya.

Mwaka wa pili wa uzamivu wangu nilipata matokeo mazuri kupita kiasi. Nilikuwa nalinganisha makrofaji za panya wenye bilhazia, yaani kichocho, ambacho mayai ya mnyoo wake hukwama kwenye ini, na za panya wazima. Kuzitoa kwenye ini ni kazi ya mikono. Panya ameshalazwa kwa dawa usingizi asioamka, unaingiza sindano nyembamba kwenye mshipa unaoleta damu kutoka matumboni, kisha unapitisha maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37. Ini linabadilika mbele ya macho yako, kutoka wekundu wa damu ya mzee hadi rangi ya chai ya maziwa, tundu moja baada ya jingine. Unafuatisha kolajenesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazoshikilia seli, hadi ini lote linalegea kama uji mzito ulioganda juu. Ukishalichuja na kulizungusha kwa mashine, seli kubwa za ini zinatua chini na makrofaji zinabaki juu. Ukizimwaga kwenye sahani ya plastiki, nusu saa haipiti zimeshang'ang'ania. Hapo huwa nasimamisha kila kitu nizitazame kwa hadubini zikitandaza kingo zao, moja moja, kama mtu anayetandika mkeka.

Makrofaji za panya wagonjwa zilitoa TNF nyingi mno. TNF ni sitokini, ujumbe ambao seli hutuma kusema kuna hatari, njooni. Za panya wazima zilikaa kimya. Tofauti ilikuwa safi, grafu ilipendeza, nikaanza kuandika. Miezi minane ya kazi ilikuwa imelala kwenye kurasa zile.

Profesa aliyenisimamia alisoma rasimu, akauliza swali moja. "Wazima na wagonjwa uliwafanya siku moja?"

Sikuwa nimewafanya siku moja. Wazima niliwamaliza kwanza. Wagonjwa walifuata miezi mitatu baadaye, kwa sababu maambukizi yalihitaji muda, na kati yake chupa ya kolajenesi ilikuwa imekwisha tukafungua mpya. Nilirudi maabara nikafanya panya wawili asubuhi moja, mzima na mgonjwa, kwa chupa ile mpya. Wote wawili walipiga kelele. Tukapima kile kimeng'enya kwa kipimo kinachotokana na damu ya kaa fulani wa baharini mwenye gamba kama kofia ya askari. Seli za damu yake hugandisha zikikutana na endotoksini, yaani vipande vya ukuta wa bakteria. Kikaganda. Chupa ilikuwa imechafuka. Nilichokuwa nimekipima miezi yote ile ni bakteria waliokufa zamani ndani ya chupa, na wala si bilhazia.

Niliomba ruhusa nikaenda kukaa chini ya mwembe nyuma ya jengo hadi giza likaingia. Profesa alinikuta pale akitoka kwenda nyumbani. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, makrofaji hazijakudanganya. Uliziuliza habari za chupa, zikakujibu habari za chupa."

Sentensi hiyo imenifundisha mengi kuliko kozi yoyote niliyosoma. Na iliniacha na swali lililogeuza utafiti wangu. Ikiwa damu inayotoka matumboni hubeba endotoksini kidogo kidogo kila siku, na seli za Kupffer zinakutana nayo kila siku, kwa nini maini yetu hayawaki moto baada ya kila mlo? Kwa sababu zikiwa nyumbani kwake, katikati ya majirani zake, seli hizo zimezoea. Zinaimeza ile endotoksini na kuimaliza, na zinatoa IL-10, ujumbe wa kutuliza, badala ya kuita jeshi. Mimi nilizing'oa kwenye ini, nikazitenga na majirani wote, nikaziweka juu ya plastiki kavu, kisha nikashangaa kwa nini zina hasira. Tangu siku ile siandiki kamwe kwamba makrofaji "ni kali" au "ni pole" bila kuandika mstari huo huo kwamba zilikuwa wapi na zilizungukwa na nini. Vyombo vya kioo navichoma kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa, maana endotoksini haitishwi na kuchemshwa. Panya mzima na mgonjwa ni siku moja, meza moja. Namba ya chupa inaandikwa kwanza kabisa, kabla hata ya tarehe.

Lakini panya ni panya. Nilitaka kuona ini la watu wangu, na ini la mtu aliye hai hulikati kwa ajili ya udadisi. Unaliangalia kwa ultrasaundi, na unaomba damu kidogo. Kwa hiyo tulishuka Butiaba, kwa wavuvi wa Ziwa Albert.

Aliyewahi kufika huko anaujua ule mteremko: barabara inafika ukingo wa Bonde la Ufa, na ghafla Ziwa Albert lote liko chini yako, na asubuhi ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo. Joto linakupokea kabla hujafika chini. Na jambo lililonifurahisha mimi mtu wa Bombo ni kwamba ziwa lile linaongea Kiswahili. Kuna Wagungu, Waaluri, Wanyoro, watu waliovuka kutoka Kongo, na mahali wanapopimiana samaki au kugombana kuhusu nyavu, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Si Kiswahili cha vitabuni, ila kinafanya kazi yote.

Bilhazia wanaijua. Uganda ilianza mpango wa taifa wa kuidhibiti mwaka 2003, na watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wamezoea ule mti wa kupimia urefu: unasimama, mhudumu wa afya wa kijiji anasoma mstari uliofika, anakuhesabia vidonge vya prazikwanteli. Wanajua pia kwamba ni vikubwa, ni vichungu, na ukivimeza njaa inakuuma dunia inazunguka. Dawa inaua minyoo wakubwa waliomo. Haiwaui wachanga walioingia juzi, na haiyatoi mayai yaliyokwama. Kesho mama anaingia ziwani tena hadi magotini na beseni la muziri, visamaki kama dagaa, konokono wanaoeneza minyoo wapo pale pale, na mambo yanaanza upya.

Hapo ndipo shida ya maneno iliponipata. Fomu yetu ya ridhaa ilikuwa imeidhinishwa na kupigwa mihuri yote. Niliitafsiri mwenyewe, na nilijivunia tafsiri ile. Iliandika kwamba tunachunguza "uvimbe wa ini". Ndilo neno tulilo nalo, limo hata kwenye vitabu vya wauguzi. Siku ya kwanza mama mmoja, muuza muziri wa makamo, alisomewa fomu na nesi wetu, akanyamaza, akajifunga leso upya kiunoni, akasema, "Mimi sina kansa. Nani amewaambia nina kansa?" Nyuma yake foleni ikaanza kupungua.

Kumbe kwa watu wengi uvimbe ni kitu kilichoota, donge, na donge ndani ya tumbo ni kansa. Nilikuwa nimewatisha watu kwa neno ambalo mimi nilimaanisha shughuli: joto, damu kujaa, seli kukimbilia mahali palipoumia. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikaanza kueleza. Mayai ya mnyoo, nikasema, yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, mwili unayazunguka. Nilikuwa bado natafuta maneno alipoinyosha mikono yake mbele yangu. Vidole vya mchuuzi wa samaki. Kwenye ubavu wa kidole cha shahada kulikuwa na kinundu kigumu, cheupe kidogo.

"Huu ni mwiba wa samaki," akasema. "Uliingia mwaka juzi, ukavunjikia ndani. Kwanza kidole kiliwaka, kikavimba, sikulala. Halafu kikauzungushia ngozi. Sasa hauumi, lakini kidole hakikunji vizuri. Ni hivyo unavyosema?"

Ni hivyo hasa. Na hakujua jinsi alivyolenga, kwa sababu yai la bilhazia ya tumbo lina mwiba ubavuni. Ndiyo alama tunayolitambua nayo kwenye hadubini. Wala hakujua kwamba mwaka 1882, Messina, Italia, mwanasayansi Ilya Metchnikoff alichoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miiba ya waridi, akaamka asubuhi akakuta seli zimeuzingira kila mwiba. Huko ndiko elimu yote ya makrofaji ilikoanzia, na ndiyo iliyompa Nobel mwaka 1908. Mama yule alikuwa na jaribio hilo hilo kwenye kidole chake.

Fomu tuliiandika upya. Neno uvimbe likatoka, mwiba ukaingia. Kamati ikaipitia tena, tukasubiri wiki kadhaa, sikujuta hata siku moja.

Mnyoo jike wa bilhazia hii hutaga mayai 300 hivi kwa siku ndani ya mishipa ya matumbo. Karibu nusu hupata njia ya kutoka na choo. Yaliyobaki hufuata mkondo wa damu, na mkondo unaelekea kwenye ini. Kila yai lililokwama linatoa majimaji yanayodhuru seli za ini zilizo jirani, kwa hiyo makrofaji na wenzake hulizingira na kulifungia. Tunauita mduara huo granuloma. Mtu anaweza kusema basi tuziondoe hizo makrofaji, ini lisipate kovu. Nilisema hivyo mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Lakini mwaka 2004 timu ya Cape Town ilichapisha kazi juu ya panya ambao makrofaji zao zilinyimwa uwezo wa kupokea ujumbe wa kujenga na kutuliza. Walipoambukizwa bilhazia walikufa mapema, uvimbe ukiwa haushikiki, matumbo yakivuja bakteria kwenye damu. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha, kwa maini ya panya yaliyodhuriwa na kemikali, kwamba ukiziondoa makrofaji wakati madhara yanaendelea kovu linapungua, na ukiziondoa wakati ini limeanza kupona kovu linagoma kuyeyuka. Seli zile zile, ini lile lile, wiki tofauti.

Ndiyo maana nakasirika, nakiri, ninaposikia redioni mtu akiuza chupa ya mitishamba ya "kumaliza uvimbe wote mwilini". Uvimbe upi, wa lini?

Mama wa muziri alilala kitandani, fundi wa ultrasaundi akampaka jeli. Kuna mfumo wa kusoma picha hizi unaotumia herufi: A ni ini la kawaida, B ni madoa yaliyotawanyika kama anga yenye nyota, na kadiri herufi zinavyosonga ndivyo kovu linavyonenepa kuzunguka mishipa. Yake ilikuwa E. Kwenye skrini mishipa ilikuwa imevikwa kuta nyeupe, nene. Mwaka 1904 daktari Symmers aliyafananisha maini kama hayo na ini lililochomekwa mashina ya viko vya udongo. Mimi nilimkumbuka mjomba. Nilisikia kabisa kile kisu.

Na macho ya mama yalikuwa meupe, hayana manjano. Vipimo vya damu vya ini lake vilikuwa vizuri. Huu ndio ubaya wa ugonjwa huu: kovu linabana mishipa lakini linaacha seli za ini zikifanya kazi, kwa hiyo mtu ananawiri, anabeba beseni, anacheka. Damu iliyozuiwa inatafuta njia nyingine, inatanua mishipa myembamba ya umio, hadi siku unapasuka mmoja. Tulimwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa akaangaliwe umio, mishipa ifungwe kabla ya siku hiyo. Alikuwa akichanga nauli. Alitapika damu alfajiri moja kabla ya Ramadhani, na tulipopigiwa simu alikuwa ameshazikwa.

Nilimjua kwa siku mbili tu. Bado namtaja kwenye kila hotuba, bila jina, kama mtu aliyenieleza granuloma kuliko nilivyoweza kumweleza.

Tulirudi msimu uliofuata. Sasa tunachukua damu kabla ya vidonge na baada ya miezi kadhaa, tunatenga monositi, tunaangalia zinaitikiaje ujumbe wa kuwasha na ule wa kuzima, na tunazilinganisha na picha ya ini la mtu yule yule. Kwa vijana kovu linaweza kurudi nyuma wakitibiwa mapema, na nataka kujua makrofaji za wanaorudi nyuma zimesikia nini ambacho nyingine hazikusikia. Kazi inakwenda taratibu. Naitrojeni ya kugandishia inapanda na kushuka mteremko ule kwenye gari moja na sisi, madirisha wazi kwa usalama, vumbi lote letu.

Kwenye foleni alikuwepo binti wa yule mama, miaka kumi na minne, amevaa leso ya mama yake. Alipanda kitandani bila kusaidiwa. Fundi alipozungusha kile kifaa chini ya mbavu zake, aliinua kichwa.

"Dada, nigeuzie skrini nione."

Nikamgeuzia. Ini lilikuwa la kijivu, laini, na madoa machache meupe yaliyotawanyika. B.

"Hiyo ni miiba?" akauliza.

"Ndiyo. Ni midogo bado."

Akaitazama muda mrefu. Kisha akaomba mkate, kwa sababu nesi alikuwa amemwambia vidonge havimezwi na njaa.